Nani Mwenye Uwanja? Somo Kuhusu Waenda kwa Miguu wa Karatina

Katika kurasa za jarida hili umezoea kukuta mashairi, vitendawili na zile insha za siku ambayo mtu hataisahau maishani. Leo naomba ruhusa nikutembeze. Nasema nikutembeze kwa maana halisi ya neno hilo, kwa miguu, kutoka steji ya matatu ya Karatina hadi lango la soko. Ni mwendo wa dakika chache tu, lakini ndani yake mna somo la jiografia, la hisabati, la uraia na hata la lugha.

Swali la somo letu ni hili: uwanja wa katikati ya mji upangwe vipi ili anayetembea kwa miguu apite bila kuhatarisha maisha yake? Kabla ya kulijibu, tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Tukisema uwanja, wengi wenu mnawaza mpira, na wengine ndege. Wanaojenga miji wana maana nyingine. Kwao uwanja ni mahali peupe katikati ya mji, pasipo na jengo, ambapo watu hukutana, hununua, hupumzika na hupita. Miji ya Ulaya ina viwanja vya namna hiyo vyenye sanamu na chemchemi za maji. Karatina hatuna sanamu. Tuna kile kipande cha ardhi kilicho baina ya matatu, maduka na soko, ambapo kila mtu anayeingia mjini ni sharti akanyage. Hakuna mhandisi aliyekichora kiwe uwanja. Kilifanywa uwanja na miguu ya watu.

Miguu hiyo haikuanza jana. Reli ya kwenda Nanyuki ilipita hapa katika miaka ya 1920, na palipo na stesheni hapakosi biashara. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, serikali ya kikoloni ilianzisha hapa Karatina kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi. Wakulima wa Mathira wakawa wanalima kabeji, karoti na viazi si kwa ajili ya chungu cha nyumbani tu bali kwa ajili ya kuuza. Vita vilikwisha na kiwanda kikafungwa, lakini ujuzi wa kulima mboga na mazoea ya kuzileta Karatina havikufungwa. Ndipo soko letu likakua hata likatajwa miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya wazi katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 2010 lilijengwa upya, na wakati wa ujenzi wafanyabiashara waliuzia kwenye ardhi ya reli. Tazama basi jinsi mambo yanavyozunguka: reli ilileta soko, na soko lilipokosa pa kukaa likarudi kwa reli.

Siku ya soko, kina mama hutoka Ruguru, Magutu, Konyu, Kirimukuyu na Iria-ini. Wengine hutoka ng'ambo ya mpaka, Kirinyaga. Malori ya wanunuzi hutoka Nairobi na hata Mombasa. Hebu simama nami pembeni tutazame ni nani anayepita. Kuna hamali na mkokoteni wake uliojaa magunia, anapiga mluzi kwa kuwa hana breki. Kuna mwanafunzi wa chuo kikuu na begi lake mgongoni. Kuna mzee mwenye mkongojo anayetafuta duka la dawa. Kuna boda boda wanaokata kona pasipo na kona. Makanga anaita, "Nyeri, Nyeri, mmoja bado!" ilhali gari lina viti sita vitupu. Na katikati ya hao wote kuna cucu na mzigo wake.

Huyu cucu naomba tumkazie macho, kwa sababu nadhani ndiye mwalimu wa somo hili. Amebeba kiondo au gunia mgongoni, na uzito wote umening'inizwa kwa mukwa, ule mkanda unaopita juu ya kichwa karibu na paji la uso. Jaribu kubeba hivyo nyumbani utaona. Shingo hukakamaa. Macho hutazama chini, hatua mbili tatu mbele ya miguu. Huwezi kugeuza kichwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, kama tulivyofundishwa katika shule ya msingi kabla ya kuvuka barabara. Ukitaka kutazama kulia, yakubidi ugeuke mwili mzima pamoja na kilo thelathini za viazi. Sasa niambieni, jamani, mtu kama huyo ataepukaje pikipiki inayotokea nyuma ya matatu iliyosimama?

Watu wengi humlaumu. Nimesikia kwa masikio yangu dereva akifoka, "Cucu, angalia barabara!" Lakini waama, kumwambia cucu aangalie barabara ni kama kumwambia mtu aliyefungwa mikono apige makofi. Kwa maoni yangu barabara ndiyo inayopaswa kumwangalia yeye. Jirani yetu mmoja aligongwa na pikipiki mjini akiwa na mzigo wa aina hiyo. Alivunjika mguu, na tangu siku hiyo hauzi tena sokoni. Shamba lake analo, mboga anazo, ila sasa humwuzia dalali anayefika shambani na kutaja bei apendayo. Kwa hiyo usidhani hili ni suala la urembo wa mji. Ni suala la nani atabaki na uwezo wa kuuza mazao yake mwenyewe.

Takwimu za kitaifa zinakubaliana na jirani yetu. Katika nchi ya Kenya, mwaka baada ya mwaka, waenda kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanaofariki katika ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba mtu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari, hatari yake ya kufa huongezeka mara 4.5 kasi ya gari ikipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Kilomita 50 ndiyo kasi inayoruhusiwa mijini na sheria yetu. Tofauti hiyo ya kilomita 15, ambayo dereva anaiona ni mguso tu wa mguu wake, ndiyo tofauti ya plasta na jeneza.

Je, kuna mji uliowahi kumpa mwenda kwa miguu nafasi ya kwanza? Naam, tena wa Waswahili wenyewe. Huko Lamu, mbele ya ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, pana uwanja uitwao Mkunguni, jina litokanalo na mikungu inayoutia kivuli. Kando yake kuna soko. Chini ya miti hiyo watu huketi, huzungumza, hucheza bao na kusubiriana. Magari hayaingii katika mji wa kale. Vichochoro vyake ni vyembamba mno, vimepimwa kwa mtu na punda. Na nje ya nyumba za kale pana mabaraza ya mawe ya kukalia. Wanafunzi wa lugha, hapa tusimame kidogo. Neno baraza ni kiti cha nje ya nyumba, na pia ni mkutano wa watu kuamua mambo yao. Hata mkutano wa chifu chini ya mti huku kwetu tunauita baraza. Waliotuachia neno hili waliona kwamba ukimpa mtu mahali pa kukaa nje, mazungumzo hufuata, na maamuzi hufuata mazungumzo. Mjini Karatina, ukichoka, utakaa wapi bila kununua chai?

Najua kuna atakayesema Lamu ni kisiwa, nasi tuko bara chini ya Mlima Kenya, palipo na lori la viazi. Haya, twende Nairobi. Katika mwaka wa 2019 serikali ya kaunti ya Nairobi, ikishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la UN-Habitat lenye makao yake Gigiri, ilibadilisha barabara ya Luthuli. Wanaoijua wanajua ni mahali pa kununua redio, spika na simu. Hapo awali ilikuwa imesongamana magari ya kwenda na kurudi, na mwenda kwa miguu alijibana ukutani. Ilifanywa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa, ikawekwa miti na viti. Baadhi ya wenye maduka walipinga mwanzoni, wakiona kwamba bila magari hakutakuwa na wateja.

Hofu hiyo si ya Waafrika peke yao. Huko Copenhagen, nchini Denmark, mtaa wa biashara uitwao Strøget ulifungiwa magari kwa majaribio mnamo 1962, na wenye maduka walikuwa na wasiwasi ule ule. Majaribio yalifaulu, na tangu 1964 mtaa huo ni wa miguu. Gari halinunui kitu. Anayenunua ni mtu aliyeshuka garini.

Lakini sipendi kuwadanganya kuwa kila mabadiliko huwa matamu. Karibu nasi, mjini Nyeri, kituo kikubwa cha matatu kilijengwa sehemu ya Asian Quarters kupitia mpango wa miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kikapewa jina la Field Marshal Muthoni wa Kirima, yule shujaa mwanamke wa Mau Mau. Katika mwaka wa 2022 matatu zikahamishiwa huko kutoka katikati ya mji. Katikati ya mji pakapata nafasi ya kupumua. Hata hivyo, wenye biashara karibu na steji za zamani walilalamika kuwa wateja wamepungua, na abiria wakalalamikia mwendo wa kutoka kituoni hadi mjini. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki. Kuondoa magari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ule mwendo unaobaki: je, una kivuli, una taa, una njia pana, una mahali pa kutua mzigo? Kwa kijana mwenye begi, kilomita moja ni matembezi. Kwa cucu mwenye mukwa ni adhabu.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema steji ya Karatina ipelekwe mbali kabisa na soko ili mji uwe safi. Steji na soko ni kama chungu na mafiga. Ukivitenganisha, unaongeza gharama ya mkokoteni kwa kila gunia, na gharama hiyo haitalipwa na mwenye matatu.

Sasa tuingie katika hisabati. Nafasi ya kuegesha gari dogo moja ni kama mita 5 kwa mita 2.5, yaani mita mraba 12.5. Mama anayeuza mboga akitandika gunia lake la mita 1 kwa mita 1.5, anatumia mita mraba 1.5. Gawanya: nafasi ya gari moja inatosha magunia manane. Tuseme tunaacha vijia vya wateja kupita, wabaki watano. Gari hilo aghalabu limeletwa na mtu mmoja, likaegeshwa asubuhi na kuondoka jioni. Basi katika uwanja ule ule, mtu mmoja aliyekwenda ofisini amechukua mahali pa familia tano kupata karo. Sisemi wenye magari wafukuzwe mjini, maana hata mwalimu wetu ana gari na bado ninamhitaji anipe maksi. Nasema tu waegeshe pembeni, watembee mita mia mbili kama sisi.

Ukiniuliza mimi ningefanya nini iwapo ningepewa chaki ya kuuchora uwanja huo, ningeanzia pale watu wanapovukia tayari, sio pale ramani inapotaka wavukie. Tazama asubuhi moja tu utaona mkondo wa watu kutoka steji hadi lango la soko, kama maji ya Ragati yanavyojua njia yake. Hapo ningeweka kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mistari ya pundamilia juu yake, lililo sawa na kimo cha njia ya miguu. Faida yake ni mbili. Cucu hashuki wala hapandi na mzigo wake, na dereva hupunguza mwendo apende asipende. Mistari ya rangi peke yake haitoshi, kwani mvua ya Aprili huifuta, na hata isipofutwa wako madereva wanaoiona kama pambo. Tuta halibembelezi mtu.

Njia ya miguu iwe na upana wa mita mbili zisizo na kitu. Nasisitiza zisizo na kitu, kwa sababu tumeona mahali pengi njia inajengwa nzuri, kisha katikati yake unapandwa mlingoti wa umeme na bango la simu, na jioni pikipiki zinaegeshwa juu yake. Mitaro ifunikwe. Mtaro wazi mbele ya duka ni mtego, hasa usiku, na mvua ikinyesha udongo wetu mwekundu hugeuka kuwa sabuni. Boda boda wapewe kibanda chao kwenye pembe mbili zinazojulikana, si kwa kuwachukia, maana hao ni kaka zetu, bali ili mtu ajue upande anaotarajia kuwaona. Malori yashushe na kupakia alfajiri kabla ya umati kufika.

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji wengi hulisahau. Kila hatua hamsini hivi pawe na ukuta mfupi wa mawe, wenye kimo cha kiuno. Si wa kukalia tu. Mtu mwenye mukwa hawezi kuketi chini na mzigo kisha akainuka peke yake. Anahitaji mahali pa kuutua mzigo bila kuinama, apumue, kisha auchukue tena. Ni baraza la mzigo, tuseme. Gharama yake ni mawe na saruji kidogo tu.

Nilimwuliza bibi mmoja auzaye ndizi pale karibu na lango. "Cucu, ukipewa nafasi, ungependa wakujengee nini hapa?"

Akanitazama kama aliyesikia mzaha. "Wanijengee? Mjukuu wangu, kila wakija kujenga sisi ndio hufukuzwa kwanza. Waniachie tu nipite, na choo kiwe karibu."

Maneno yake yalinifanya nifute nusu ya mchoro wangu. Kila mara mji unapotaka kupendezeshwa, wa kwanza kuondolewa ni mchuuzi, eti anachafua. Lakini mchuuzi na mnunuzi ndio waenda kwa miguu wenyewe! Uwanja unaosafishwa kwa kuwaondoa hao utabaki wazi kwa ajili ya nani? Atakuja mtu mwenye pesa na kusema, "Mahali hapa pamekaa bure," aanze kuchimba msingi wa ghorofa.

Mambo hayo yaliwahi kujaribiwa. Bustani ya Jeevanjee iliyo Nairobi ilitolewa kwa wananchi na A. M. Jeevanjee mnamo 1906. Katika mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani hadi mpango ukashindwa. Miaka miwili kabla, mnamo 1989, Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru. Alitukanwa, akadhihakiwa hata bungeni, lakini jengo halikujengwa. Wote wawili walitetea ardhi ambayo haina mwenyewe kwa sababu ni ya kila mtu.

Sisi wa leo tuna silaha ambayo wao hawakuwa nayo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inakabidhi serikali za kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma na masoko. Yaani karibu kila kitu nilichotaja tangu mwanzo wa makala haya kinaamuliwa Nyeri, si Nairobi. Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote pa umma, na kivuko kinachompitisha mwenye kiti cha magurudumu ndicho kile kile kinachompitisha cucu na mkokoteni wa hamali. Fauka ya hayo, sheria inataka wananchi waulizwe maoni kabla ya bajeti kupitishwa.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na makadirio ya matumizi hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Anayesubiri hadi Juni ili kuomba kivuko amechelewa, pesa zimekwisha kupangiwa mitaro ya watu wengine. Bahati nzuri ni kwamba Aprili huwa tuko likizo. Chama chetu kimekwisha kuandaa barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu, pamoja na mchoro wa uwanja wenye kivuko kimoja kilichoinuliwa, kuta sita fupi za kutulia mizigo, na choo karibu na lango. Nakala iko katika maktaba kwa yeyote anayetaka kuisahihisha kabla hatujaipeleka, na walimu wa hisabati wanaombwa wapige darubini vipimo vya ukurasa wa pili.